Nani Hushika Fedha za Mfanyakazi Njiani? Msumbiji na Lesotho



Kila mwisho wa mwezi wengi wetu tunafanya jambo moja. Tukishapokea mshahara tunatenga sehemu ya kupeleka nyumbani. Anayekata mkonge Tanga, anayechuma chai Mufindi au Kericho, anayesimamia mashine ya kusokota nyuzi mjini, karibu kila mmoja ana mama mzee, mke, mume au mdogo anayesoma aliyebaki kijijini. Tunajua tumetoa kiasi gani. Mara nyingi hatujui fedha hizo zinapita katika mikono mingapi kabla ya kufika, na kila mkono unabakiza nini.

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumeona vema kulieleza jambo hilo kwa mfano wa nchi mbili, Msumbiji na Lesotho. Kwa zaidi ya miaka mia moja vijana wa nchi hizo wamekwenda kuchimba dhahabu na makaa ya mawe Afrika Kusini. Waliteremka katika mashimo yale yale, walilala katika kambi zile zile, na walilipwa na waajiri wale wale. Lakini mishahara yao ilirudi makwao kwa njia mbili zilizokuwa tofauti sana. Tukizilinganisha njia hizo tutaona kwamba fedha inayofika nyumbani haitegemei bidii na ubanaji wa mfanyakazi peke yake. Inategemea pia nani ameishika njiani, na kwa sheria gani.

MKATABA WA WENELA

Wazee wa mikoa yetu ya kusini hawana haja ya kuelezwa habari za Wenela. Hilo ndilo jina walilolipa shirika la kuandikisha vibarua lililoundwa na wenye migodi ya Afrika Kusini mwaka 1900. Vijana wa Tanganyika nao waliandikishwa na shirika hilo, mpaka serikali yetu ilipoukatisha uandikishaji huo baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Wengine waliozaliwa Msumbiji walivuka mto Ruvuma kuja huku kwetu, wakawa manamba katika mashamba ya mkonge. Kwa hiyo habari ya mtu kuacha mke na shamba akafuata mshahara nchi nyingine si ngeni kwetu. Manamba alijua maana ya kipande: mpaka siku 30 za kazi zitimie, mshahara wake ulikuwa mikononi mwa mwenye shamba.

Kwa Msumbiji jambo hilo liliwekwa katika mkataba baina ya serikali. Mwaka 1928 Ureno, iliyokuwa ikiitawala Msumbiji, ilitiliana saini na Afrika Kusini mkataba ambao kati ya masharti yake ni kwamba sehemu ya mshahara wa mchimba migodi izuiliwe, asilipwe mpaka arudi kwao. Mkataba mwingine wa mwaka 1964 ulifafanua zaidi: baada ya miezi sita ya kwanza kazini, asilimia 60 ya mshahara ilizuiliwa.

Lesotho ilipata uhuru mwaka 1966. Mwaka 1974 serikali yake ilitunga sheria yake yenyewe ya kuzuia mishahara. Hapo nako kiasi kilikuwa asilimia 60, lakini hakikungojea miezi sita. Baada ya mwezi wa kwanza tu makato yalianza, na fedha zilipelekwa katika benki ya serikali mjini Maseru, mwenyewe azichukue atakaporudi.

Tuchukue mfano rahisi wa hesabu. Tuseme wachimbaji wawili wanapata randi 100 kila mwezi kwa mkataba wa miezi kumi na miwili. Kila mmoja atapata jumla ya randi 1,200. Yule wa Msumbiji atazuiliwa randi 60 kwa miezi sita ya mwisho, yaani randi 360. Yule wa Lesotho atazuiliwa randi 60 kwa miezi kumi na mmoja, yaani randi 660. Mtu akitazama hesabu hii haraka atasema kwamba aliyeonewa zaidi ni Msotho, kwa sababu zaidi ya nusu ya mshahara wake hakuiona mpaka mwisho wa mkataba. Lakini tusikate shauri bado. Hapana budi kwanza kuuliza randi hizo ziligeuka nini baada ya kuvuka mpaka.

DHAHABU ILIYOBAKI SERIKALINI

Kwa Msumbiji, fedha zilizozuiliwa zililipwa kwa serikali ya Kireno kwa dhahabu, na dhahabu hiyo ilihesabiwa kwa bei rasmi. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 bei rasmi ilikuwa kama dola 42 kwa wakia moja. Bei ya sokoni ilikuwa mbali kabisa. Mwaka 1974 ilipita dola 150 kwa wakia.

Maana yake ni hii. Mchimbaji alipofika kwao alilipwa kwa eskudo thamani ya mshahara wake uliozuiliwa, na hesabu yake ikafungwa. Serikali ya Kireno, kwa upande wake, ilipokea kwa mshahara ule ule dhahabu ambayo ikiuzwa sokoni ilileta zaidi ya mara tatu ya kiasi alicholipwa mchimbaji. Faida hiyo yote ilitokana na jasho la mtu aliyekuwa chini ya ardhi, naye hakupata hata senti moja ndani yake.

Msumbiji ilijipatia uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mpango wa dhahabu uliendelea kwa muda, na faida ikaenda kwa serikali mpya. Hapo pana tofauti kubwa, nasi hatuwezi kuificha: fedha zilizokuwa zikimnufaisha mkoloni sasa zilikuwa za nchi huru, iliyohitaji dawa, mafuta na vipuri. Hata hivyo kwa mchimbaji mwenyewe malipo yaliendelea kuwa yale yale. Mwaka 1978 mpango wa dhahabu ulikomeshwa. Hata kabla ya hapo idadi ya wachimbaji wa Msumbiji ilikuwa imeshuka ghafla, kutoka kama 118,000 mwaka 1975 mpaka kama 41,000 mwaka 1977. Serikali ikapungukiwa na fedha za kigeni kwa pande zote mbili, na familia nyingi za mikoa ya Gaza, Inhambane na Maputo zikabaki bila mtu wa kuwaletea mshahara.

FEDHA ISIYONUNUA KITU

Mwaka 1980 Msumbiji ilianzisha fedha yake, metikali. Wachimbaji waliobaki kazini sasa walilipwa mishahara yao iliyozuiliwa kwa metikali, kwa kiwango cha kubadilisha kilichowekwa na serikali. Miaka hiyo ilikuwa ya vita. Kundi la waasi lililosaidiwa na Makaburu liliharibu reli, maduka, mashule na hospitali, na bidhaa zikaadimika. Mtu aliweza kuwa na metikali mfuko mzima akakosa sabuni ya kununua. Katika magendo, randi moja ilipata metikali nyingi mno kuliko benki.

Wachimbaji walifanya kile ambacho mfanyakazi yeyote mwenye akili angekifanya. Sehemu ya mshahara waliyolipwa mkononi huko migodini waliigeuza bidhaa: mablanketi, nguo, baiskeli, redio, unga na mafuta ya kula. Hawakuwa walanguzi. Walikuwa wakilinda thamani ya jasho lao. Lakini sehemu iliyozuiliwa hawakuweza kuilinda kwa njia hiyo, maana ilikuwa haimo mikononi mwao.

Mwaka 1987 serikali ya Msumbiji ililazimika kushusha thamani ya fedha yake. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa kama metikali 40. Januari ikawa 200, na katikati ya mwaka ule ule ikawa 400. Aliyekuwa ameweka metikali 4,000 ndani ya nyumba alikuwa na thamani ya dola 100 kwa bei ya benki. Kabla ya mwaka kwisha thamani hiyo ilikuwa dola 10.

RANDI KWA RANDI

Kwa Lesotho mambo yalikuwa kinyume. Nchi hiyo imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, na fedha yake, loti, iliyoanza mwaka 1980, ni sawa kwa sawa na randi. Randi 660 za mfano wetu zilitoka benki ya Maseru zikiwa loti 660, tena pamoja na riba. Hakuna aliyezikata kwa kubadilisha. Kwa upande huu Msotho alikuwa na nafuu kubwa kuliko ndugu yake wa Msumbiji.

Hata hivyo wachimbaji wa Lesotho hawakuipokea sheria ile kwa vifijo. Mwanzoni mwa mwaka 1975 palitokea migomo na ghasia katika baadhi ya migodi, wakiipinga. Wengine wanaweza kuuliza: kwa nini mtu akatae kuwekewa akiba? Sababu ni nyingi. Kwanza, hawakuulizwa. Pili, mtu aliyezoea kutuma fedha mara kwa mara kwa ajili ya ada ya shule au mbegu alijikuta ana kiasi kidogo cha kutuma. Tatu, katika miaka mingi ya 1980 bei za bidhaa Afrika Kusini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na Lesotho ilinunua karibu kila kitu kutoka huko. Akiba isiyopata riba ya kiasi hicho hupungua nguvu kila mwaka, hata kama hesabu iliyoandikwa kitabuni inaongezeka.

Tena kuna habari ya wake zao. Mume alikuwa mgodini, na mke ndiye aliyelima, aliyechunga mifugo na aliyeuguza watoto. Lakini kwa sheria za Lesotho mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kama mtoto chini ya mume wake, na hakuweza kukopa wala kuingia katika mkataba bila idhini yake, mpaka sheria hiyo ilipobadilishwa mwaka 2006. Kwa hiyo fedha zilizozuiliwa zilikuwa nchini mwake, naye alikuwa na njaa, na hakuwa na haki ya kuzigusa.

Mwaka 1990 kiasi kilichozuiliwa kilipunguzwa kutoka asilimia 60 mpaka 30.

IDADI MOJA, UZITO TOFAUTI

Watu wengi wakilinganisha nchi hutazama jumla ya fedha tu. Hilo halitoshi. Katikati ya miaka ya 1970 kila moja ya nchi hizi ilikuwa na wachimbaji wapatao laki moja au zaidi huko migodini. Lakini mwaka 1976 Lesotho ilihesabiwa kuwa na watu kama 1,200,000, na mwaka 1980 Msumbiji ilikuwa na watu kama 12,000,000. Kwa Msumbiji wachimbaji walikuwa nguzo ya mikoa ya kusini. Kwa Lesotho walikuwa nguzo ya nchi nzima: katika miaka ya 1980 mishahara yao ilikaribia nusu ya pato lote la taifa.

Nchi inayotegemea nguzo moja huwa katika mashaka nguzo hiyo inapotikisika. Oktoba 1986 serikali ya Makaburu ilitangaza kwamba haitaandikisha tena wachimbaji wa Msumbiji, ikitaka kuiadhibu nchi hiyo. Tangazo hilo lililegezwa baadaye, lakini lilionyesha wazi kwamba mkate wa mfanyakazi umefanywa silaha. Lesotho nayo, iliyokuwa na wachimbaji zaidi ya 120,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na chini ya 50,000 kufikia miaka ya 2010, kwa sababu migodi ilipunguza watu. Wanawake wengi waliingia viwanda vya nguo vya Maseru na Maputsoe kuziba pengo. Hata hivyo, mpaka miaka ya mwanzo ya 2020, fedha zinazoingia Lesotho kutoka kwa watu wake walio nje zilikuwa kama sehemu moja kwa tano ya pato la nchi. Kwa Msumbiji hazikufika asilimia 5.

MKONO MPYA NJIANI

Katika miaka yetu hii fedha nyingi hazipiti katika mikataba ya serikali bali katika kampuni za kutuma fedha, benki na simu. Je, mkono unaokata umeondoka? La. Umebadilika sura.

Benki ya Dunia imeonyesha mara kwa mara kwamba Afrika kusini ya Sahara ni mahali ghali kuliko pote duniani kupeleka fedha, na kwamba Afrika Kusini ni kati ya nchi ghali za kutumia fedha kwenda nje. Kumekuwa na miaka ambayo gharama ya kutuma kutoka huko ilizidi asilimia 13. Mataifa ya dunia yalikubaliana mwaka 2015 kwamba kufikia mwaka 2030 gharama hiyo isizidi asilimia 3.

Tufanye hesabu tena. Mfanyakazi anayetuma randi 1,000 kila mwezi kwa gharama ya asilimia 13 hutoa randi 1,560 kwa mwaka. Kwa asilimia 3 angetoa randi 360. Tofauti ni randi 1,200, yaani zaidi ya mwezi mzima wa matumizi ya nyumbani. Hakuna sheria iliyozizuia randi hizo wala mkataba uliotiwa saini Lisbon. Zimeondoka kidogo kidogo katika ada, na katika kiwango cha kubadilisha ambacho karani hakukitaja.

Hapa pia nchi zetu mbili zinatofautiana. Kwa kuwa Lesotho imo katika eneo moja la fedha na Afrika Kusini, kubadilisha fedha hakuna. Tangu mwaka 2015 mtu ameweza kutuma kutoka Afrika Kusini kwenda Lesotho katika kaunta za maduka ya Shoprite kwa ada ndogo. Mtu wa Msumbiji hubeba mzigo wa ada na wa kubadilisha pia, na ndiyo maana wengi hupendelea kumpa dereva wa basi au ndugu anayerudi, ingawa njia hiyo haina stakabadhi.

TUNAJIFUNZA NINI?

Hatusemi kwamba kuweka akiba ni kubaya. Wako wachimbaji waliorudi Gaza au Maseru wakanunua ng'ombe na plau, wakajenga nyumba ya matofali, kwa sababu tu fedha zilikuwa zimewekwa mahali wasipoweza kuzitumia ovyo. Wala hatusemi kwamba nchi maskini isifaidike na fedha za kigeni zinazoletwa na wananchi wake. Tunalosema ni kwamba mshahara ni mali ya aliyeufanyia kazi. Asizuiliwe bila ridhaa yake, na yeyote atakayeushika atoe hesabu yake.

Jambo hili si ombi la hisani. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe na unamkataza mwajiri kumwekea mipaka katika matumizi yake. Mkataba Namba 97 wa mwaka ule ule unataka mhamiaji aruhusiwe kupeleka kwao kiasi anachopenda cha mapato na akiba yake, kwa kufuata sheria za nchi kuhusu fedha za kigeni.

Lakini maandishi hayatembei yenyewe. Wachimbaji walipata sauti walipoungana. Chama cha Taifa cha Wachimba Migodi cha Afrika Kusini, NUM, kilipoundwa mwaka 1982, rais wake wa kwanza alikuwa James Motlatsi, mtu wa Lesotho. Mgomo wake wa Agosti 1987 uliwashirikisha wafanyakazi kama 300,000 kwa majuma matatu, wa Afrika Kusini pamoja na wa nchi jirani. Makumi ya maelfu walifukuzwa kazi. Hata deni la kifua kilichojaa vumbi la mgodini lilichukua miaka mingi kudaiwa: mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya kampuni za dhahabu kutoa fidia ya randi bilioni tano kwa wagonjwa na warithi wao, wakiwamo wa Msumbiji na Lesotho. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki walitakiwa kuthibitisha kwamba walifanya kazi mgodini, na aliyetunza karatasi zake alikuwa na njia fupi kuliko aliyezitupa.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu mambo manne.

Kwanza, tunza hati zako za mshahara na stakabadhi za kutuma fedha, hata za miaka ya nyuma.

Pili, kila kato katika mshahara wako liulizie: linakwenda wapi, kwa sheria gani, na utalipata lini. Usipojibiwa, lipeleke katika tawi la chama.

Tatu, unapotuma fedha usiulize ada tu. Uliza atakayepokea atapata kiasi gani mkononi. Hesabu hiyo ndiyo ya kweli.

Nne, kama kijana wako anajiandaa kwenda kazi za Oman, Saudia au kwingineko, someni pamoja mkataba wake kabla ya kuutia saini. Atalipwa yeye mwenyewe au wakala? Kila mwezi, au mwisho wa mkataba? Katika akaunti ya jina la nani? Akiambiwa kwamba mshahara wake "utatunzwa" mpaka atakaporudi, akumbuke habari hii ya Msumbiji na Lesotho, na aulize atakayeutunza ni nani.